Ukurasa wa Nyumbani: Mabingwa wa Snuka wa Wales, na Nani Alipe Meza



Miongoni mwa mas-ala ambayo vijana hawachoki kuyauliza, na wazee hawachoki kuyakwepa, ni haya ya michezo ya mezani. Kijana humwuliza baba yake: Je, yafaa kucheza biliadi? Baba humjibu: Acha upuuzi huo, hiyo ni michezo ya walevi. Kijana hunyamaza kwa adabu, kisha hwenda akacheza. Jawabu la namna hiyo halikumfaa yeyote katika hao wawili, kwani baba hakufundisha kitu, na mtoto hakujifunza ila kuficha.

Kwa hiyo mwezi huu tumependa kulieleza jambo hili kwa urefu, na ili tusiwe tunasema hewani, tumechagua mashindano mamoja yaliyokuwapo kweli, nayo ni mashindano ya ubingwa wa taifa ya wachezaji wa snuka wa kulipwa wa nchi ya Wales. Msomaji atauliza, mbona Wales, nchi ndogo iliyo pembezoni mwa Uingereza? Ni kwa kuwa katika mashindano yale madogo, ndani ya miaka michache tu, mtu aweza kuyaona kwa pamoja yale ambayo Mwislamu angependa mwanawe ajifunze, na yale ambayo angependa ayakimbie.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Snuka ni katika ukoo wa biliadi. Huchezwa juu ya meza kubwa ya urefu wa futi 12 na upana wa futi 6 hivi, iliyotandikwa kitambaa cha sufu cha kijani, yenye mashimo 6. Tufe nyekundu ni 15, za rangi nyingine ni 6, na nyeupe ni moja, nayo peke yake ndiyo hupigwa kwa fimbo ili igonge nyingine. Mchezaji hutia shimoni nyekundu, kisha ya rangi, kisha nyekundu tena, na kila moja ina hesabu yake: nyekundu ni 1, na nyeusi, iliyo kubwa ya zote, ni 7. Mtu akizimaliza zote kwa zamu moja, na kila baada ya nyekundu akatia nyeusi, hupata 147. Hapana dadu ndani yake, wala karata za kugawiwa. Ni jicho, na mkono, na hesabu ya pembe. Neno hili tuliweke akiba, kwani tutalihitaji mbele.

Ama asili yake si ya kujivunia. Mchezo huu ulizaliwa India mwaka 1875, katika mji wa Jabalpur, kwenye nyumba ya maofisa wa jeshi la Kiingereza, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain (siye yule waziri mkuu wa baadaye, ni majina tu yaliyogongana). Maofisa hao walikuwa wakicheza aina za biliadi za kuwekeana fedha, na snuka ikatokana na michezo hiyo kwa kuongezewa tufe za rangi. Basi tusifichane, ulizaliwa mikononi mwa wacheza kamari. Na tufe za siku zile zilikuwa ni za pembe za ndovu, na nyingi katika pembe zilizokuwa bora zilitoka huku kwetu Afrika ya Mashariki, zikipitia soko la Unguja. Ndovu wasiohesabika waliuawa, na wanadamu walibebeshwa mizigo kutoka bara hadi pwani, ili mabwana wa London na New York wapate kitu cha kugonga baada ya chakula cha usiku. Mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kukaa mahali pa pembe, na katika juhudi hizo John Wesley Hyatt akatengeneza seluloidi, ambayo ni katika plastiki za mwanzo duniani. Tufe za leo hazina pembe ndani yake.

Wako watakaosema: Kitu ambacho asili yake ni hiyo, kwa nini tukizungumze? Twawajibu kwamba kitu hakiharimishwi kwa mahali kilipozaliwa, bali kwa kile kilichomo ndani yake. Kahawa ilipigwa marufuku Makka mwaka 1511, na wakapatikana watu wa elimu wa kuiunga mkono marufuku hiyo, na leo ni nani barazani anayemrudishia muuza kahawa kikombe chake?

Tuje Wales. Ubingwa wa wachezaji wa kulipwa wa huko ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1922, kisha ukafufuliwa mwaka 1977, na tangu mwaka 1980 ukawa ukifanywa kila mwaka. Mwaka ule wa 1977 Ray Reardon alimshinda Doug Mountjoy kwa duru 12 kwa 8. Wote wawili walitoka katika mabonde ya makaa ya mawe. Reardon, aliyezaliwa Tredegar mwaka 1932, aliingia mgodini akiwa na umri wa miaka 14, na huko chini, wenzake wakimcheka, alikuwa akivaa glavu nyeupe ili vidole vyake visiharibike kwa mawe. Mwaka 1957 mgodi ulimwangukia akafukiwa kwa muda wa saa tatu bila ya kuweza kujitikisa, na alipotolewa akauacha mgodi akawa polisi. Baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 6, ya kwanza mwaka 1970 na ya mwisho mwaka 1978. Naye Terry Griffiths wa Llanelli, aliyeutwaa ubingwa wa Wales mara 3, alikuwa amepata kuwa kondakta wa basi, na mpeleka barua, na muuza bima, kabla ya kuwa bingwa wa dunia mwaka 1979.

Twawataja watu hawa kwa makusudi. Vijana wetu huyaona majina makubwa wakadhani kwamba yalianguka kutoka mbinguni. Hawaoni miaka ya kuamka alfajiri kwenda mgodini, na kurudi jioni na kushika fimbo. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni wa Mountjoy. Yeye alikuwa bingwa wa Wales mara 5, katika miaka ya 1980, 1982, 1984, 1987 na 1989. Fainali ya mwaka 1982 aliishinda kwa duru 9 kwa 8 mbele ya Griffiths, yaani ilibaki duru moja tu ya kuwatenga. Lakini katikati ya miaka hiyo mchezo wake ulimharibikia, watu wakamhesabu kuwa amekwisha. Alifanya nini? Akiwa mtu mzima, bingwa, mwenye jina, alikwenda kwa mwalimu aliyeitwa Frank Callan akakubali kufundishwa upya namna ya kusimama na namna ya kuipeleka fimbo, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu kwa kijiti. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 46, aliutwaa ubingwa wa Uingereza kwa kumshinda Stephen Hendry, kijana wa miaka 19, kwa duru 16 kwa 12. Wangapi katika sisi wazee, tukiambiwa kwamba kisomo chetu cha Alhamdu kina kosa la matamshi, tuko tayari kukaa chini mbele ya mwalimu aliye mdogo kuliko sisi?

Na liko jingine katika mchezo huu ambalo twaliona ni kubwa kuliko ushindi. Mchezaji wa snuka akiigusa tufe kwa mkono wa nguo yake, au fimbo ikagusa mara mbili, hilo ni kosa, na mpinzani wake hupewa hesabu. Mara nyingi mwamuzi haoni, mpinzani haoni, wala watazamaji elfu hawaoni. Ada ya mchezo ni kwamba mchezaji mwenyewe humgeukia mwamuzi akasema: Nimegusa. Kisha hwenda kitini kwake akakaa, na huenda kukaa huko kukamgharimu ubingwa. Na asiyefanya hivyo, ikijulikana, wenziwe humtazama kwa jicho baya muda wote wa uhai wake. Hii ndiyo amana, enyi vijana. Watu wasiosali kama tunavyosali wameifanya ada juu ya meza ya mchezo, na kwetu sisi, tunaoamini kwamba tuko macho ya Mwenyezi Mungu usiku na mchana, mizani za dukani zahitaji kukaguliwa na serikali!

Hayo ni mazuri yake. Sasa tuipindue sarafu.

Mashindano yale ya Wales, katika miaka ya mwanzo ya 1980, yalibeba jina la kinywaji cha kulevya cha matufaha kiitwacho Woodpecker. Ubingwa wa wachezaji wa Kiingereza, toka mwaka 1985 mpaka 1987, ulikuwa kwa jina la Tolly Cobbold, watengenezaji wa bia. Na ubingwa wa dunia wenyewe toka mwaka 1976 mpaka 2005 ulikuwa mali ya sigara za Embassy. Sheria za kuzuia matangazo ya tumbaku zilipowabana watu wa sigara, ni nani walioingia mahali pao? Makampuni ya kamari. Mwaka 2006 ubingwa wa dunia ulibeba jina la kampuni ya michezo ya bahati nasibu, na kwa miaka mingi baada ya hapo jina la juu lilikuwa la kampuni ya kupokea dau. Kwa hiyo mtoto aliyekaa kutazama ufundi wa mkono, alifundishwa kwa saa nane kwa siku jina la pombe, au la sigara, au la kamari, na hakuna aliyemwambia kwamba anafundishwa.

Mashindano ya mataifa yale madogo hayakudumu. Chama cha wachezaji kilikuwa kikitoa fedha kusaidia kila nchi iliyofanya mashindano yake, na msaada huo ulipokoma baada ya msimu wa 1988 na 1989, mengi yakafa. Wales wakajikokota mpaka mwaka 1991, ambapo Darren Morgan alikuwa bingwa wa mwisho. Jambo lisilosimama ila kwa fedha ya wauzaji, wauzaji wakiondoka hulala.

Na kamari nayo haikukaa nje ya mlango. Mwaka 1995 mchezaji wa Afrika ya Kusini, Peter Francisco, alifungiwa miaka 5 kwa mwenendo wake katika mchezo wa ubingwa wa dunia ambao watu waliuwekea dau kwa namna ya kushangaza. Mwaka 2023 wachezaji 10 wa Kichina waliadhibiwa kwa mambo ya kupanga matokeo na ya dau, na wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, wakafungiwa maisha. Wengine katika hao walikuwa vijana wadogo walioitwa na mkubwa wao wakashindwa kukataa. Tunawaomba wazazi walisome neno hilo mara ya pili. Haikuwa tamaa peke yake. Ilikuwa pia haya ya kumkatalia kaka.

Basi hukumu ni ipi? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walipozungumza juu ya sataranji waliitenga na mchezo wa dadu. Dadu ni mchezo wa kubahatisha, nao wakaukataza. Sataranji ni mchezo wa fikra, nao wakasema ni makruhu, maadamu hapana mali inayoshindaniwa, wala haumpitishi mtu wakati wa Sala, wala haumtoi kinywani maneno machafu. Kwa kipimo hicho twaonelea kuwa snuka, na pool iliyo ndugu yake mdogo, na hata keram inayochezwa katika vibaraza vya Unguja na Mombasa, yote ni michezo ya mkono na fikra, na hukumu yake hufuata yanayoambatana nayo. Kuisema kwa ujumla kwamba ni haramu tupu ni kupita mpaka, na kijana akigundua kwamba tumempitishia mpaka katika hili, hatatusikiliza tutakapomwambia juu ya lile lililo haramu bila ya shaka.

Na lile lililo haramu bila ya shaka limetajwa katika Sura ya Maida, aya ya 90 na ya 91, ambako kamari imewekwa pamoja na pombe, na ikaelezwa kuwa kwa hivyo viwili shetani hutia uadui baina ya watu na kuwazuilia Sala. Kila kijana wa Kiislamu alijua hilo kwa ulimi. Lakini tukimwuliza: Je, wewe wacheza kamari? atasema: Astaghfirullah! Kisha tumfuate mpaka kwenye meza ya pool ya mtaani kwake.

Pale pana ada ijulikanayo na kila mtu, nayo ni kwamba anayeshindwa ndiye alipaye meza. Tuseme meza ni shilingi 500 kwa mchezo mmoja. Mwenye meza anawadai wachezaji wote wawili, kwa kuwa wote wawili wameitumia. Haki ni kila mmoja atoe 250. Wao wakapatana kabla ya kuanza kwamba atakayeshindwa atatoa zote 500. Sasa kila mmoja ameingia akiwa baina ya mawili: ama acheze bure kwa fedha ya mwenziwe, ama alipe fungu lake na la mwenziwe. Hiyo ndiyo kamari kwa umbo lake, na wanazuoni wengi wa zama hizi walioulizwa juu ya jambo hili wameliita hivyo. Uchache wa shilingi haubadilishi kitu, kama ambavyo tone la pombe haliwi halali kwa kuwa ni tone. Na kadhalika wale wa keram wanaosema: Atakayefungwa atanunua soda. Na wale wa kahawa na kashata. Na ile ada ya bingwa kubaki mezani, na kila anayekuja kumkabili kulipa, nayo ni hiyo hiyo.

Dawa yake ni nyepesi mno, hata tunastaajabu kwamba watu hawaishiki. Kila mmoja atoe nusu yake kabla ya kuanza. Au mmoja aseme: Leo meza ni yangu, nishinde nisishinde, na kesho mwenziwe aseme hivyo kwa hiari yake. Fedha ni ile ile, mwenye meza hakupungukiwa, mchezo haukupungua utamu, na kamari imeondoka. Kijana atakayeogopa kuchekwa kwa kusema maneno hayo, na amkumbuke Reardon na glavu zake nyeupe mgodini.

Ama zawadi za mashindano, mlango wake ni mwembamba zaidi. Mashindano ya kugombania mali asili yake yameruhusiwa katika mishale, ngamia na farasi, na yaliyo katika maana yao, na wanazuoni wamekhitilafiana juu ya zawadi itolewayo na mtu wa nje katika michezo mingine. Lakini hawakukhitilafiana juu ya wachezaji kukusanya viingilio vyao vikawa ndio zawadi ya mshindi. Hiyo ni kamari. Mwenye kualikwa katika mashindano aulize kwanza: Fedha yatoka wapi? Tanzania kwa miaka kadhaa ilikuwa na mashindano ya taifa ya pool yaliyobeba jina la bia ya Safari, na vijana wa Kiislamu wakivaa fulana zenye jina hilo kifuani. Hatusemi kuwa walikunywa. Twasema kwamba walikuwa mabango.

Wala asije mtu akadai kuwa mchezo huu hauwezi kusimama bila ya hayo. Mohammed Yousuf wa Pakistan alikuwa bingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1994, huko Johannesburg, na mwenzake Muhammad Asif aliupata ubingwa huo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Ahsan Ramzan, naye wa Pakistan, aliutwaa mwaka 2022 huko Doha akiwa na umri wa miaka 16 tu. Mwaka 2024 mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa yalifanywa Riyadh, katika nchi ambayo sharia yake yakataza pombe na kamari, na bingwa Judd Trump aliondoka na pauni 500,000. Fedha nyingi hizo, na tuna maneno yetu juu ya israfu, lakini si ya mwezi huu.

Wazazi wametuuliza pia kama yafaa kuweka meza katika ua wa madrasa au katika klabu ya vijana. Meza ya snuka ni kubwa na nzito, ubao wake ni wa jiwe, na bei yake haipatikani kirahisi. Meza ya pool au mbao mbili tatu za keram zatosha. Twaona yafaa, na ni bora kuliko kuwaachia vijana waifuate baa, kwa masharti ambayo mtu mzima mmoja ayasimamie: meza ifunikwe adhana inapoingia, si baada ya kumaliza mchezo huu, gharama itolewe kwa mchango sawa wa kila mwezi, si kwa kila mchezo, na pasiwe na tangazo la kampuni ya dau, hata kwenye kalenda ya ukutani. Na anayegusa tufe aseme mwenyewe.

Limebaki swali moja, la yule aliyekwisha kucheza kwa ada ile ya anayeshindwa alipe, naye sasa amejua. Kwa aliyeshinda, twaonelea amrudishie mwenziwe nusu ya meza kama anamjua na anakumbuka, au amtake amsamehe. Na ikiwa hawajui, atoe kadiri anayokisia awape maskini, na atubu kwa Mola wake. Mwenye shaka juu ya kiasi na amwendee sheikh wa msikiti wake.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumza juu ya bahati nasibu za simu, ambazo barua zake zimekuwa nyingi mezani petu.

Wassalaam.